Mama wa bomba aliyedai daftari lifunguliwe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Dative Umugwaneza anafungua mlango wa mbao wa kibanda chake cha maji mtaani Katoyi, magharibi mwa mji wa Goma. Bidoni, yaani madumu ya maji, zimeshapanga mstari. Zimesimama juu ya mawe meusi ya volkano kuanzia bombani hadi kona ya kanisa, na kila moja ina alama yake: kitambaa chekundu, kamba ya mgomba, herufi mbili za rangi ya kucha. Wenyewe bado wako majumbani.

"Bidon njo mutu," anasema Dative, yaani bidoni ndiye mtu mwenyewe, huku akizihesabu kwa kidole. "Ukiiona hapa, ujue mwenyewe iko hapa. Hakuna mwenye anaweza kuigusa."

Hiyo ni sheria ambayo haikuandikwa popote na ambayo hakuna anayeivunja. Watu wa Goma wanaweza kugombania nafasi ya kuuza nyanya hadi wararuane mashati, lakini bidoni ya mwenzako huisogezi. Ukiisogeza, hata mama yako mzazi atakushangaa.

Dative anafungulia koki. Bomba linakohoa mara mbili, linatema hewa, kisha kimya. Anangoja kidogo, mkono ukiwa bado juu ya koki, halafu anafyonya kwa sauti inayosikika hadi ng'ambo ya barabara.

"Umesikia? Imekohoa, imerudia kulala. Na mimi nimeamuka."

Anachukua msumari ulioning'inia kwenye uzi na kukwaruza mstari mmoja upande wa ndani wa mlango. Ubao umejaa mistari ya namna hiyo. Kila mstari ni siku ambayo maji hayakuja. Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Januari, siku mia na ishirini na tatu kwa jumla, mistari ni sabini na minne. Mistari hiyo ndiyo iliyompeleka Dative kwenye mzozo ambao nusura umnyang'anye kibanda chake, na pamoja nacho jina lake jema.

Dative ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa Rutshuru, akaingia Goma miaka kumi na minane iliyopita akiwa na watoto wawili, na sasa anao watano. Miaka tisa iliyopita familia za avenue yake, yaani za barabara yake, zilikutana uani kwa kanisa baada ya misa na kumchagua awe mama wa borne, yaani mwangalizi wa bomba la umma. Walimchagua, anasema, kwa sababu hajui kupendelea. Hata dada yake hupanga foleni.

Siku njema humwachia kama faranga elfu nane za Kongo. Siku kavu humwachia maneno, na kuanzia Oktoba maneno yalikuwa mengi.

"Walisema nafunga robinet, koki hii, na mukono yangu," anakumbuka. "Walisema usiku nafungulia maji bakamyo, malori ya wenye kuuza maji, asubui nawaambia batu haiko. Mimi! Na hapa nyumbani kwangu tunaoga na kikombe!"

Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni jirani yake, Mama Mukashyaka, muuza maharage, mwanamke mwenye umbo dogo na ulimi usio na likizo. Mukashyaka alikuwa na sababu. Bomba likikauka, watu wa Katoyi huteremka hadi ziwani, Keshero, saa nzima kwenda na zaidi ya saa kurudi na mzigo, na maji ya ziwa yakinywewa hivyo hivyo huleta kipindupindu. Katikati ya Novemba mjukuu wake wa miaka mitatu alilazwa wiki mbili katika kituo cha wagonjwa wa kipindupindu. Alitoka mzima, ila mwembamba kama fimbo.

"Nilikuwa na hasira," Mukashyaka anakiri, bila dalili ya kujuta. "Mutoto alitapika paka maji, maji tu. Nilitafuta mutu wa kulaumu, na Dative njo alikuwa karibu."

Baada ya Noeli kamati ya avenue ilikaa. Dative alipewa hadi Jumapili ya mwisho ya Januari: alete uthibitisho kwamba maji hayakuletwa, au akabidhi ufunguo wa kibanda.

Uthibitisho? Dative alicheka. Aliwaonyesha mlango. Wakamwambia mlango ni wake, na msumari ni wake.

Hapo ndipo alipokumbuka daftari.

Maji ya Katoyi hayaji yenyewe. Yanafunguliwa na ofisi ndogo ambayo kila mtu huiita Serivisi ya Maji, yenye vyumba viwili, kiyoyozi kisichofanya kazi na mabomba kumi na moja ya umma ya kuhudumia. Mfunguaji ni mzee mmoja, Buhendwa, mtu wa upande wa Bukavu mwenye miaka sitini na mitatu, anayetembea na ufunguo wa chuma wenye urefu wa mtoto wa shule begani. Huenda kwenye vali, huzungusha, maji yakaenda mtaa huu au ule. Na kila anachofungua huandikwa katika daftari la Serivisi: bomba namba fulani, tarehe fulani, saa fulani.

"Nikasema, asante Mungu," anasimulia Dative. "Iko kwa maandishi. Nitaenda, nitaomba waifungue, watasoma Borne Sept, bomba yangu namba saba, batu wataona maji haikukuya. Dakika tano. Nitarudia kupika."

Dakika tano zilichukua wiki tano.

Mara ya kwanza aliambiwa mkubwa hayupo. Mara ya pili mkubwa alikuwepo lakini yuko kikaoni, peke yake, mlango umefungwa. Mara ya tatu alimwona: Chef Gauthier, mtu nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati, aliyemsikiliza kwa upole mkubwa na kumwambia aandike barua.

Akaandika barua. Ikakataliwa kwa sababu imeandikwa kwa mkono. Akaenda kwa mwenye mashine, ikapigwa chapa. Ikakataliwa kwa sababu haikupita kwa chef wa avenue. Ikapita. Ikakataliwa kwa sababu haina nakala ya pili ya kugongwa mhuri wa kupokelewa. Akaleta nakala, na siku hiyo mwenye mhuri alikuwa amekwenda mazishini Lac Vert, na mhuri alikuwa amekwenda nao.

"Muhuri pia ilikuwa inalia marehemu?" anauliza Dative. Anacheka, lakini si kwa furaha.

Ziara ya tisa barua ilipokelewa. Ya kumi aliambiwa jibu linaandaliwa. Ya kumi na moja, siku tano kabla ya Jumapili ile, Chef Gauthier alimpa jibu lenyewe, akiwa amesimama: daftari ni hati ya ndani ya ofisi, haionyeshwi kwa mtu wa nje.

"Nikamuuliza: Chef, maji ni ya nani? Akasema ya batu. Nikamuuliza: na rejistre ya maji ya batu ni ya nani? Akasema, mama, kila kitu kina utaratibu wake."

Mwandishi wa makala hii naye alifika Serivisi kumuuliza Chef Gauthier kwa nini saa za maji ya umma ziwe siri. Alipokewa vizuri, akapewa kiti, akaambiwa aandike barua.

Dative alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na kiu ya kupigana na mtu. Aliyekutana naye wa kwanza alikuwa Mukashyaka, amekaa mbele ya gunia lake la maharage. Walitazamana. Kwa mwezi mzima hawakuwa wamesalimiana.

"Mama Mukashyaka," Dative akamwambia, "weye unasema mimi ni mwizi. Sawa. Twende pamoja ku biro, tuombe rejistre. Kama ni mimi, utanifukuza kwa mukono yako."

Mukashyaka akafunga mdomo wa gunia. "Watatufunga mulango."

"Basi tubebe bidon."

Ijumaa asubuhi wanawake thelathini na wanane wa Katoyi waliingia katika ua wa Serivisi ya Maji, kila mmoja na bidoni yake tupu. Hawakupiga kelele wala hawakuimba. Walipanga bidoni mstari mmoja kuanzia mlango wa ofisi, kupitia mbele ya gari la mkubwa, hadi katikati ya lango kuu. Kisha wakaenda kukaa kivulini ng'ambo ya barabara, wakatoa mahindi ya kuchoma, wakala.

Saa nne Chef Gauthier alitaka kutoka na gari. Akamwambia mlinzi aondoe bidoni. Mlinzi akazitazama, akamtazama mkubwa, akasema yeye anaishi mjini humu. Akaitwa dereva. Dereva akasema mgongo unamuuma. Chef mwenyewe aliinama, akaishika moja yenye kitambaa cha bluu, na ng'ambo ya barabara sauti thelathini na nane zikasema kwa pamoja, bila haraka: "Eeeh!"

Akaiacha.

Saa saba alitoka mlangoni na daftari mkononi. Lilikuwa kubwa, jalada la kijani, kona zimelika. Alisema, kwa uso wa mtu aliyeonewa, kwamba Serivisi haina cha kuficha na haijawahi kuwa nacho. Dative alisimama mbele kabisa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka.

"Soma kwa nguvu, Chef," alimwambia. "Wote wasikie."

Chef Gauthier akasoma. Borne Sept, tarehe mosi Oktoba: maji, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Sahihi ya mama wa borne: ipo. Tarehe mbili Oktoba: maji, saa hizo hizo, sahihi ipo. Tarehe tatu: maji, sahihi ipo. Alisoma bila kupumzika, na jinsi alivyoendelea ndivyo sauti yake ilivyopata afya. Hakukuwa na siku kavu hata moja. Alipofika katikati ya mwezi akaligeuza daftari ili wanawake waone wenyewe, na wote wakaiona: ile D yenye mkia uliopinda kama ndoano, mstari baada ya mstari, kuanzia juu hadi chini ya ukurasa.

"Ni sinatire yako, mama?" Chef akauliza.

Dative aliinama akaitazama kwa karibu. Ilikuwa sahihi yake.

Sasa anaisimulia akitazama chini. "Mimi njo nililia rejistre ifunguliwe. Mimi njo nilisema soma kwa nguvu. Na rejistre inasema paka mimi."

Ili kuelewa kilichotokea lazima urudi kwa Muzee Buhendwa na goti lake. Utaratibu wa Serivisi ni kwamba mfunguaji apite kila siku katika mabomba yote kumi na moja akiwa na karatasi, na kila mama wa borne atie sahihi kwamba maji yamefika. Mabomba kumi na moja, juu ya mawe ya lava yanayotafuna viatu, kwa mtu wa miaka sitini na mitatu ambaye goti lake la kushoto huvimba kila mvua inapokaribia. Kwa hiyo, miaka mingi sasa, mzee hupita mara moja tu, mwanzo wa mwezi. Anakunywa chai. Mama wa borne anatia sahihi mistari yote ya karatasi kwa mkupuo mmoja, mzee anashukuru, anaenda kwa mwingine. Wao wenyewe wanaita "kumaliza mwezi". Karatasi zikifika ofisini, ambako akina mama hawazioni tena, hubandikwa daftarini, na saa hujazwa huko huko.

Hakuna aliyeona ubaya. Ilikuwa heshima kwa mzee, na Dative ndiye aliyekuwa akimpikia chai nzito kuliko wote.

"Mimi nilileta hii tabia," Buhendwa anasema, akilisugua goti. "Sikujua kule wanaandika nini. Mimi nafungua vali yenye naambiwa nifungue. Katoyi, mara nyingi sikuambiwa."

Lakini Ijumaa ile Buhendwa hakuwepo, na wanawake thelathini na saba walikuwa wakimtazama mmoja. Dative aligeuka akawakabili. Aliwaambia ukweli wote, bila kupamba: alitia sahihi mwezi mzima mbele, kila mwezi, karatasi ikiwa tupu, kwa kumhurumia mzee.

Mtu mmoja nyuma akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wengine wakaanza kuokota bidoni zao. Chef Gauthier, aliyeona siku yake imenyooka, hakufunga daftari. Akaendelea kusoma kwa raha yake mwenyewe, Novemba, siku baada ya siku, maji na sahihi, maji na sahihi, hadi mstari wa mwisho: tarehe thelathini na moja Novemba, maji, saa kumi na mbili hadi saa nne, sahihi ipo.

"Chef," ikasema sauti ya Mukashyaka. "Rudilia pale."

Akarudia.

"Trente et un Novembre?"

"Ndiyo, mama. Maji ilikuya. Iko hapa."

Mukashyaka aliweka bidoni yake chini. "Mutoto wangu alitoka ku hospitali tarehe trente Novembre, siku ya mwisho ya mwezi. Nilimubeba ku mugongo. Kesho yake asubui ilikuwa premier Décembre, nilienda ku misa kushukuru Mungu. Hiyo siku yenye unasoma, Chef, ilikuwa wapi? Sisi wa Katoyi hatukuiona. Ni nyinyi peke yenu muliiona?"

Mlinzi wa lango ndiye aliyecheka wa kwanza, na baada ya hapo haikuwezekana tena kuzuia. Karatasi za Serivisi zina mistari thelathini na moja kila mwezi. Dative alikuwa ametia sahihi mistari yote bila kuihesabu, na huko ofisini mtu alikuwa amejaza maji kwenye mistari yote bila kuihesabu vilevile. Kwa daftari la umma, Katoyi ilipewa maji kwa saa nne katika siku ambayo haikuwahi kuchomoza.

Chef Gauthier alisema ni kosa la uandishi. Alisema litachunguzwa. Hakusema maji ya siku zile nyingine yalikwenda wapi, na hadi leo hajasema. Jibu la swali hilo, kama alivyoambiwa Dative, linahitaji barua.

Mtu anaweza kudhani hadithi iliishia pale kwa kicheko, Dative akabebwa mabegani. Haikuwa hivyo. Jumapili, baada ya misa, kamati ilikaa kwa saa mbili. Wapo waliosema kwa uchungu kwamba mwanya ambao ofisi iliutumia uliachwa wazi na mkono wa Dative, na kwamba mtoto wa watu angeweza kufa huku karatasi ikisema maji yapo. Dative hakubishana nao.

"Ni kweli," anasema. "Mimi sikuiba maji. Lakini bongo yao, uongo wao, niliipa kitambulisho."

Aliyemwokoa ni yule aliyetaka kumfukuza. Mukashyaka alisimama akasema yeye hatafuti mama wa borne asiyekosea, anatafuta anayeweza kukosea akakiri mbele ya watu thelathini na saba. Kisha akaongeza sharti: kuanzia sasa Dative asitie sahihi peke yake. Mwenye bidoni ya kwanza katika foleni naye atie yake, siku hiyo hiyo, baada ya kuona.

Kamati ikakubali. Ufunguo ukabaki kwa Dative.

Mpango wake sasa ni mmoja, na ameuandika katika barua mpya, iliyopigwa chapa, iliyopita kwa chef wa avenue, yenye nakala mbili: karatasi za daftari zikae mlangoni pa kila bomba, kwenye msumari, mahali ambapo hata mpita njia anaweza kusoma. Akina mama wa mabomba mengine sita wameweka sahihi chini yake. Bado hawajajibiwa.

"Nataka rejistre ikae inje, kama bidon," anasema. "Kila mutu aione, na hakuna mwenye ataisogeza."

Tunaporudi kibandani ni saa mbili asubuhi. Jua limeshapanda, na wenye bidoni wameanza kufika, wanapiga miayo, wanaulizana. Mbali barabarani anaonekana Muzee Buhendwa, anachechemea na ufunguo wake begani. Siku hizi mama wa Borne Sept hamalizi tena mwezi, kwa hiyo mzee hana budi kufika kila siku. Dative anampindulia bidoni moja, yake mwenyewe, apate kukaa, na kumpa chai.

Mzee anatoa karatasi ya Februari, anaikunjua gotini. "Mama Dative," anaanza kwa aibu, "goti leo… hatuwezi kumaliza hata paka wiki moja?"

"Hapana, muzee. Leo tu."

Dative anafungulia koki kwa mara ya mwisho asubuhi hii. Wote wanasikiliza. Bomba halikohoi hata. Dative anachukua kalamu, anatafuta mstari wa leo, na mahali pa saa anaandika kwa herufi kubwa: HAIKO. Anatia sahihi yake, ile D yenye mkia. Kisha anampa kalamu Mukashyaka, ambaye bidoni yake ndiyo ya kwanza leo, na Mukashyaka anaishika kwa vidole vitano kama anayeshika kisu, anaandika jina lake lote polepole, bila kuruka herufi, huku foleni nzima ikingoja.

Halafu wanabeba bidoni zao, Dative pamoja nao, na kushika njia ya Keshero.